Usimguse Mama

Mlandege, Unguja
14 Aprili 1968

Mdogo wangu Wanu,

Salamu zikufikie huko huko kwenye baridi yako. Sisi wazima, ila afya ya mama nitakuja kukueleza chini, usianze kuruka mistari kuitafuta. Hamad hajambo, bado anafanya kazi bandarini na bado anakoroma. Mwanangu Jecha ameota meno, la kwanza amelifanyia majaribio kwenye kidole cha bibi yake. Masika yameanza na paa la jikoni linavuja pale pale unapopajua. Bahasha yako ya mwisho ilifika imeshafunguliwa na kugundishwa tena, basi na huyo bwana anayetusoma kabla hatujasomana nampa salamu zake.

Picha yako ya koti jeupe imewekwa juu ya kabati karibu na kioo, hata mtu akitaka kujitazama lazima akutazame wewe kwanza. Kila mzazi anayekuja kukandwa baada ya kujifungua anaonyeshwa. Mama husema, "Huyu ndo mwanangu aloko Ujerumani." Mimi nimekaa hapo hapo, mikono imejaa mafuta, namkanda huyo huyo mgeni mgongo, na hakuna anayeuliza mimi ni nani. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Nyumbani kwetu mambo yamegeuka: lako liko kila pembe, na mimi niliyekuwapo nateka maji.

Sasa la mama. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Mgumu, wa ukubwa wa kokwa ya tende, na hauumi. Alinificha tangu Idi kubwa, nikaupapasa mwenyewe siku moja namkanda mabega. Anasema ni maziwa ya zamani yaliyoganda, yako au yangu, na dawa ya maziwa yaliyoganda unaijua kwa sababu umezaliwa nyumba ya mkandaji: mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na habasoda, na kuvunja kwa vidole taratibu. Nafanya hivyo kila siku baada ya alasiri. Naona kama unalainika.

Sikutaka kukuandikia habari hii. Mama ndiye aliyenilazimisha. "Muandikie Wanu, yeye ndo ajuaye." Vidole vyangu viko juu ya uvimbe, nao ujuzi uko Ujerumani. Roho imeniuma, nakwambia wazi.

Dada yako,
Mwatima


Leipzig
20 Mei 1968

Dada Mwatima,

Shikamoo. Shikamoo kwa mama na salamu kwa shemeji Hamad. Mbusu Jecha, ambaye namjua kwa maneno tu. Mimi mzima. Baridi imekwisha, miti imerudisha majani, mkate wao bado mchachu. Nywele nasuka mwenyewe kwa kujitazama kwenye dirisha, na zinatoka kama zilivyo.

Nilikueleza kwamba walinitoa kwenye uuguzi wakanipeleka maabara. Sikukueleza maabara ya nini, kwa kuwa sikudhani litawahusu. Sisi tunachunguza jinsi saratani inavyosafiri mwilini. Nakuomba usome hapa polepole.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho, nazo zimeshikana kama tende zilizoshindiliwa: ukitaka moja lazima uvute. Kazi yangu mimi ni huko kuvuta. Nina sindano za kioo nyembamba kuliko unywele. Chini ya darubini nazishika chembe mbili zilizogandana, nazivuta ziachane, na sindano inapopinda napima imepinda kiasi gani kabla hazijaachana. Chembe nzima hunipindia sindano sana. Za saratani huachana upesi, hazina nguvu ya kushikana na jamaa zao. Tena chembe nzima ikikutana na mwenzake husimama. Ya saratani humpanda mwenzake ikaendelea na safari. Ikipata mshipa wa damu huingia, na damu huichukua mpaka kwenye mapafu au mifupa, ikaanza makazi mapya.

Sijui kama uvimbe wa mama ni wa namna hiyo. Ndiyo maana nataka aende hospitali, wautazame, na wakisema ukatwe ukatwe. Lakini ikiwa ndivyo, kila unapoubonyeza unazisaidia hizo chembe kuachana. Usiukande, dada.

Najua hutapenda kuambiwa na mimi. Unalalamikia picha yangu. Mama aliwahi kunipa mgongo wa mteja mara moja tu, nilipokuwa mdogo, akashika vidole vyangu akasema niende nikasome, na wewe akawa anakuongoza mkono juu ya mkono. Nikaenda nikasoma. Mimi nashika vioo, wewe unamshika mama. Tungebadilishana leo nisingeuliza bei.

Mdogo wako,
Wanu


Mlandege
2 Julai 1968

Mdogo wangu Wanu,

Salamu. Hamad hajambo. Jecha anasimama kwa kushika ukuta. Mchele umekuwa wa kutafutana, Darajani watu wanasimama foleni tangu alfajiri, na samaki bado wapo alhamdulillahi. Bi Borafya jirani anakusalimu, naye anauliza huko mnakula nguruwe au mnatengewa.

Barua yako nilimsomea mama yote, neno kwa neno, mbele ya wanawake waliokuwa wamekuja kumjulia hali. Ya sindano za kioo akataka nirudie. Nikarudia. Bi Borafya akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akavuta ukaya wake kichwani. Nikangoja mama aseme kama desturi yake kwamba Wanu ndo ajuaye. Mama akacheka, Wanu. Alicheka mpaka akajifuta macho, akafungua kanga kifuani, akasema, "Mtoto kapewa sindano, hakupewa mikono. Hebu nkande."

Sitakuficha kwamba nilifurahi. Tangu uondoke sijawahi kuonja utamu kama huo. Nimemkanda siku hiyo kwa roho moja, na kila siku tangu hapo.

Hospitali amekataa. Anasema hakatwi akazikwa nusu. Uvimbe sasa ni kama ndimu, kwa hiyo nimeongeza nguvu na mama mwenyewe ameridhika. Umekaa huko mwaka wa tatu huu, una koti, una picha, una jina kila kibaraza. Na sasa unataka hata uvimbe wa mama uwe wa kwako. Niachie huu.

Dada yako,
Mwatima


Leipzig
11 Agosti 1968

Mwatima,

Tunafuga panya weupe wenye uvimbe mguuni. Wengine uvimbe wao ulikandwa kwa vidole, wengine waliachwa. Baadaye tulifungua mapafu yao. Ya waliokandwa yalikuwa yamejaa vivimbe vidogo kupita ya wenzao kwa mbali. Mimi ndiye niliyewafungua, sikuhadithiwa.

Uliniandikia kwamba mama alicheka. Hapo nimesoma tena na tena. Sijamsikia akicheka tangu siku ile bandarini nilipoondoka, na wewe umechukua kicheko chake ukanipiga nacho.

Wewe unafurahi na mama anakwisha. Mikono yako hiyo unayojivunia ndiyo itakayomuua. Usimguse mama tena.

Wanu


Mlandege
24 Novemba 1968, Ramadhani

Mdogo wangu Wanu,

Salamu na Ramadhani njema. Hamad hajambo, Jecha anatembea na ameanguka pembeni ya kisima, hakuumia. Sisi tunafunga, mama hafungi, ameruhusiwa.

Barua yako isiyo na shikamoo ilifika mwezi wa tisa. Kwanza sikujibu kwa hasira. Niliendelea kumkanda, tena nikisema moyoni, na hii ni ya Wanu. Kisha mama akaanza kukohoa. Tukasema ni upepo wa kusi. Kisha mgongo, hawezi kuinama kusujudu. Kisha uvimbe ukapasuka ngozi. Hapo akakubali hospitali mwenyewe, Hamad akamkodia gari. Wakampiga eksirei. Daktari, mgeni mwenye upole, alinionyesha picha ile kwenye taa akaweka kidole juu ya mapafu, hapa na hapa na hapa, na kwenye mfupa wa mgongo. Akasema kisu hakifai tena, turudi naye nyumbani tumpe dawa ya maumivu. Mimi ile picha niliisoma kabla hajasema, kwa sababu nilikuwa nimeshawasoma panya wako.

Tangu siku hiyo sijamgusa. Umeniambia nisimguse na sasa nimekusikia. Simuogeshi, simchani nywele, simshiki mkono. Tabia, binti wa Bi Borafya, ndiye anayemuosha na kumgeuza. Mimi napika uji, naukabidhi kwa Tabia mlangoni. Wateja nimewarudisha wote, nawaambia mkono umeteguka.

Juzi mama akaniita. Nikasimama mlangoni. Akauliza, "Mwatima, nnanuka?" Nikamwambia hapana, mama. Akasema, "Basi mbona hunshiki? Nimekukosea nini?" Nimwambie nini, kwamba mimi ndiye niliyemtawanya? Nimekwenda uani nikakaa na mikono imebanwa makwapani kama mtu wa homa. Na ndani nikamsikia anamwita Tabia mwanangu. Mtoto wa watu, hajui hata kupasha mafuta, anaitwa mwanangu na mimi nipo. Nilidhani nilimaliza kijicho chote kwako, kumbe kilikuwa na akiba.

Nakuuliza neno moja na unijibu kama unavyowajibu wakubwa zako huko, si kama mdogo anavyomjibu dada. Ni mikono yangu?

Mwatima


(TELEGRAMU)
LEIPZIG 13 DESEMBA 1968
MWATIMA MLANDEGE ZANZIBAR
MKANDE MAMA MIGUU MIKONO KICHWA KILA SIKU HAINA MADHARA BARUA INAKUJA
WANU


Leipzig
13 Desemba 1968

Dada yangu Mwatima,

Shikamoo, na nyingine ya ile barua ya Agosti. Shikamoo kwa mama. Barua yako imefika leo asubuhi, nimetoka nayo moja kwa moja mpaka posta kupiga telegramu, na karani amenisomesha maneno yale mara mbili akidhani ni ya siri za serikali. Nimeomba ruhusa ya kurudi. Wamesema baada ya mtihani wa Machi. Sikuweza kuwaambia kwamba Machi ni mbali, maana sijui kulisema hilo kwa Kijerumani bila kulia.

Umeniuliza swali nami nimelipeleka kwa mkuu wetu, Bibi Daktari, mwanamke ambaye hapendi kusema kitu asichokipima. Nakuandikia alivyosema.

Chembe ikitoka kwenye uvimbe safari yake ni ngumu. Mishipa midogo kabisa ni myembamba kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo lazima ijikunje na kujivuta ipite, kama mtu mnene kwenye uchochoro, na nyingi hupasuka hapo. Nyingine damu inazigonga na kuzivunja njiani. Karibu zote hufa. Ile moja inayobaki hukwama mahali, ikashika ukuta wa mshipa, ikapenya, na inaweza kukaa kimya muda mrefu kabla haijaanza kukua. Ndiyo sababu, anasema, uvimbe ukishafika wa kupapaswa kwa kidole, mara nyingi chembe zimeshaondoka zamani. Huenda za mama zilikuwa mapafuni kabla hujapasha mafuta siku ya kwanza. Huenda kukandwa kuliongeza. Nilimuuliza ni lipi kati ya hayo. Akasema kwa panya mia anaweza kunijibu, kwa mama mmoja hawezi, na hakuna anayeweza.

Hilo ndilo jibu, dada. Ningeweza kukuandikia si mikono yako, na nimeketi hapa nikataka sana kuandika hivyo. Umeniomba nisikujibu kama mdogo wako.

Lakini kuna jambo ninalolijua kwa hakika. Kumshika mkono hakutawanyi kitu. Kumchana, kumuosha, kumkanda miguu, kumsugua kichwa kwa mafuta, hakuna hata kimoja kinachodhuru. Niliandika usiukande, na hilo nalisimamia. La pili, usimguse, halimo kwenye kitabu chochote cha maabara hii.

Mkande. Mkande na fungu langu. Nimewaza uko pale na humgusi, na mimi ningetoa macho yangu mawili nipate kushika unyayo wake tu. Hata hili la kukaa mlangoni na kumsikia anapumua nakuonea wivu, unaweza kuliamini hilo?

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Wanu


Mlandege
20 Januari 1969

Mdogo wangu Wanu,

Salamu. Hamad alishakupigia telegramu, kwa hiyo unajua. Mama amezikwa Ijumaa ya tarehe tatu, baada ya sala. Watu walikuwa wengi. Wanawake aliowakanda walijaa mpaka kibaraza cha Bi Borafya, na wengine walikuja na watoto wao wakubwa wenye ndevu. Tumesoma hitima, Jecha amelala chini kwenye jamvi la watu. Picha yako iko pale pale, sijaiondoa. Nimekwambia hivyo usije ukadhani.

Barua yako ndefu imefika wiki iliyopita, mama ameshakwenda. Nimeisoma peke yangu. Umeandika hujui, basi na mimi nimechukua kutojua kwako nikakaa nako. Kunanichoma, lakini ungeniandikia si mikono yangu nisingekuamini maisha. Wateja bado nawarudisha. Labda baada ya arubaini.

Telegramu ilifika karibu na Idi. Mtu wa posta aliisoma kwa sauti barabarani, watu wakacheka: msichana yuko Ujerumani anapeleka waya kuamuru mama akandwe miguu. Mimi sikucheka. Nilipasha mafuta, nikamtoa Tabia chumbani, nikafunga mlango.

Mama kwa siku hizo dawa ilikuwa imemchukua, macho hayafunguki vizuri, na akisema anasema na watu waliokufa. Alikuwa mwepesi, Wanu. Nilishika unyayo wake nikaogopa kwanza, vidole vikapapasa kama vya mwanafunzi. Kisha vikakumbuka. Nikaanza kwenye kisigino, nikapanda mashavu ya miguu, nikaona uso wake unalegea.

Akasema, "Wanu, umekuja?"

Nikaendelea kukanda.

Akasema, "Nlijua utakuja. Dada yako kanchoka, hanshiki tena."

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni: ni mimi, mama, ni Mwatima, mwanao wa siku zote, Wanu yuko mbali na hajui hata unyayo wako ukoje sasa. Nimekuonea kijicho tangu umezaliwa lakini sijawahi kukuchukia kama nilivyokuchukia dakika ile. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu, Wanu, amefumba macho, anangoja kujibiwa.

Nilimkanda kila siku mpaka siku ya mwisho, na kila siku aliniita kwa jina hilo, akinisimulia habari zangu, kwamba Mwatima ana roho nzuri ila ni mgumu, kwamba nimwambie amemsamehe. Hakuniita jina langu tena. Usiniandikie kunishukuru na usiniandikie pole kwa hilo. Ulitaka kumshika, na yeye anajua ulimshika.

Siku ile ya kwanza aliuliza mara ya pili, kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa, "Wanu?"

Nikaitika, "Naam, mama."

Dada yako,
Mwatima